Kamba Kumi na Saba

Chujio la pampu ya Mtama hufunguliwa alfajiri,
kabla mabomba ya kijiji hayajaanza kukohoa.
Nazima mashine. Nashuka ngazi za chuma,
nalegeza nati nne kwa spana namba kumi na tisa;
ya tano iliibwa msimu ule korosho ziliposhika bei.

Nachomoa wavu. Majani ya mwanzi,
mfuko wa sukari, ndara ya mtoto, ya kushoto,
halafu wao:
wembamba kama uzi wa kudarizi kofia,
rangi ya maji yaliyoamua kutembea.
Mmoja ukimlaza kiganjani
unasoma mistari ya mkono wako kupitia tumbo lake.
Unaona alichokula jana. Unaona moyo,
nukta nyuma ya macho,
unadunda mbio, kama wa mtu anayehesabu hela za mwenzake.

Daftari la zamu lina safu tatu:
saa, kina cha maji, vilivyokwama.
Nikaandika: 11:10. Sentimita 42. Kamba 17.
Kesho yake: 11:05. Sentimita 40. Kamba 9.
Kiangazi kizima nikaandika hivyo.
Hakuna aliyeniagiza, hakuna aliyenikataza.

Mwezi wa tisa akaja Bwana Ng'itu, mkaguzi, kutoka Lindi,
miwani shingoni, kalamu nyekundu.
Akafunua. Akarudi nyuma. Akajumlisha pembeni.
"Kamba mia nne thelathini na moja," akasema.
"Stakabadhi ziko wapi?"
Nikabaki namtazama.
"Kamba zote hizi umefungia nini? Umeufunga mto?"

Nikamwambia, si za kufungia. Ni wa kuogelea.
Akavua miwani ili acheke vizuri.
"Mimi nimezaliwa Mingoyo, bwana. Kamba nawajua,
nimewala tangu sina meno. Wako kule kwenye chumvi.
Huku juu, wewe, unanipiga kamba."

Ningemweleza nini?
Kwamba mama yao huteremka na mayai chini ya mkia,
Lukuledi yote, bonde kwa bonde,
mpaka kwenye mikoko ya hukohuko kwao Mingoyo,
maji yanapoanza kuonja bahari;
kwamba huko ndiko wanakoanguliwa,
kisha watoto, mdogo kila mmoja kuliko punje ya mtama,
wanageuza vichwa, wanaanza kupanda,
bila nauli,
hadi kwenye tuta letu la zege?

Na usiku, hapo tutani, nimewaona kwa tochi.
Wanatoka majini kabisa.
Wanaparamia ukuta pale ufa unapovujia,
mstari mmoja, miguu kama nywele
juu ya saruji ya mradi, juu ya jina la mfadhili.
Wengine wanaanguka. Sauti yao ya kuanguka haipo.
Wanaanza tena.
Waliofika juu ndio hao
ninaowakuta wamekwama kwenye chujio.

Sikumweleza. Nilikuwa nimeshika spana, mikono ina grisi,
na Binti Nangumbi alikuwa amesimama na ndoo yake tupu
akisubiri tumalize, maji yatoke.
Yeye anajua. Kila siku ananicheka nikipita na kopo:
"Yaani mboga unairudisha mtoni? Na ugali wa muhogo tule na nini?"
Lakini siku ile alinyamaza, akatazama chini ndani ya ndoo.

Bwana Ng'itu aliacha mstari mmoja wa wino mwekundu:
*Kamba zithibitishwe.*

Zi.
Nilirudi nyumbani na silabi hiyo, nikala nayo, nikalala nayo.
Kumbe kosa lilikuwa la tarakimu:
kumi na saba haisemi kama kitu kinapumua.

Alfajiri nikalegeza nati nne.
Nikachukua kalamu, nikaandika kwa maneno,
taratibu, kama mtoto wa darasa la pili:

Saa kumi na moja na dakika tano.
Sentimita thelathini na nane.
Kamba wawili.
Mmoja mdogo, nimempandisha.
Mmoja ana mayai, nimemshusha.